Mikono Inayonuka Rakia

Gorna Klena, 14 Aprili

Dada Velika,

Utashangaa kupata barua yangu badala ya simu. Simu imeharibika: mimi nakusikia, wewe hunisikii. Fundi wa mjini anasema kipuri kitachelewa, kwa hiyo tuandikiane mpaka itengenezwe. Usijisumbue kupiga.

Sisi wazima. Theluji imeisha bondeni tangu tarehe 2, imebaki juu msituni. Mbegu za tumbaku nilizisia kitaluni tarehe 19 Machi na zimeota vizuri. Mazoezi ya kwaya ni Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, kwenye nyumba ya utamaduni kama zamani. Tamasha la mlimani ni tarehe 16 Agosti. Mwalimu Radka anasema mwaka huu watu wa redio watakuja kurekodi zile nyimbo tatu za sauti ya juu, na mimi ndiye niliyepangwa kuzianzisha zote. Miaka ishirini na sita nimeimba sauti ya juu, Dada, na hakuna aliyewahi kuja na mashine kunirekodi.

Tanyo anaumwa mabega kwa sababu ya magogo. Daktari wa mjini alimwandikia jeli ya kupaka kila asubuhi. Nampaka mwenyewe, kwa sababu akijipaka anapaka kama anayefukuza nzi. Kisha namalizia kwa rakia, ile pombe yetu kali ya nyumbani, kama marehemu mama mkwe alivyonifundisha: ujazo wa kiganja, unasugua mpaka ngozi iwe nyekundu. Inamsaidia sana. Tangu Februari amekuwa mtu mwingine, anapiga mluzi akinyoa ndevu.

Mimi nina chunusi kama msichana wa miaka kumi na tano. Ni umri tu.

Mdogo wako,
Nedka

* * *

Ferrara, 27 Aprili

Nedka,

Barua yako imefika jana, imechelewa kunidanganya. Nilikupigia Jumapili ya Pasaka, saa tano. Simu haikuwa na ubovu wowote. Alipokea mwanamume. Alisema "Halo?", mimi nikasema "Nani mwenzangu?", akakata.

Na usiniambie alikuwa Tanyo. Tanyo huongea kama mtu aliyebanwa na mlango. Huyu alikuwa na kifua.

Sikulaumu. Miaka ishirini na minane na yule mtu, hata mtakatifu angefungua dirisha. Lakini kama una mgeni anayepokea simu zako siku ya Pasaka, niambie mimi kwanza, kabla sijaambiwa na Fanka, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa tangu tulipokuwa naye darasa moja.

Halafu hayo mabega! Tanyo amebeba nini? Magogo hupandishwa na mashine. Yeye hukaa kwenye lori akila mbegu za alizeti na kutema maganda dirishani, kazi ambayo haijawahi kuumiza bega la mtu. Na wewe unaamka kumsugua kama farasi wa harusi! Bibi Ines, mzee ninayemtunza hapa, ana miaka tisini na mmoja, ana mifupa kama vijiti, na bado anajipaka dawa mwenyewe.

Nani yule mwanamume?

Velika

* * *

Nyumba ya Utamaduni, Gorna Klena, 6 Mei

Kwa Bi. Nedka Chausheva,

Nakuandikia kwa sababu ukisimama mbele yangu utalia, na mimi sina nafasi ya kilio cha mtu mzima.

Tangu mwisho wa Machi sauti yako imepasuka. Nilikuvumilia nikidhani ni mafua. Ijumaa iliyopita ulianzisha wimbo wa kwanza, na mbwa wa jirani akakuitikia. Wenzako walikuwa na heshima, hawakucheka mpaka ulipotoka.

Nimefundisha kwaya hii miaka thelathini na mitatu. Naijua sauti iliyochoka, naijua iliyougua, na naijua iliyolewa. Yako ni hiyo ya tatu. Mikono yako inanuka rakia saa nne asubuhi, Bi. Nedka. Fanka anayesimama karibu nawe anageuza uso. Sikutaka kumwonea mtu, kwa hiyo nilimuuliza mumeo pale dukani kama ni kweli unakunywa. Aliinamisha kichwa akasema, "Wanawake, Mwalimu. Utawafanya nini?" Nikaelewa.

Kuanzia leo Fanka ataanzisha nyimbo zote tatu. Usije mazoezini katika hali hiyo. Vazi la kwaya lirudi likiwa limefuliwa.

Radka Mincheva

* * *

Gorna Klena, 9 Mei

Dada Velika,

Simu haijaharibika. Mwanamume aliyepokea ni mimi.

Nilipokusikia ukiuliza "Nani mwenzangu?" nilikata, nikakaa chini kwenye sakafu ya ukumbi mpaka Tanyo aliporudi kutoka kanisani. Miezi miwili sasa sauti yangu inashuka. Mwanzoni ilikuwa mikwaruzo tu, nikanywa asali na chai ya mlimani. Sasa nikizungumza na kuku wananiangalia. Muuza duka alinijibu "Ndiyo, baba" bila kuinua macho kwenye mizani.

Na nina ndevu. Si nyingi, ila ni nyeusi na ngumu. Wiki iliyopita nilinyoa kidevu mara mbili kwa wembe wa Tanyo. Nesi wa kijiji anasema ni umri, wanawake wengine huwa hivyo, nisijitazame sana kwenye kioo.

Naambatanisha barua ya Mwalimu Radka uisome mwenyewe. Sijanywa, Dada. Unajua rakia naishika kwa mikono tu, na ni kwa ajili yake. Nilimuuliza Tanyo kwa nini alimjibu Mwalimu vile. Akasema, "Mimi sikusema unakunywa. Nilisema wanawake." Kisha akatoka kwenda kutazama mafuta ya lori.

Vazi nimelifua. Linaning'inia jikoni. Bado sijalirudisha.

Nedka

* * *

Ferrara, 20 Mei

Mdogo wangu,

Nilisoma barua yako nikalia jikoni kwa Bibi Ines mpaka akanigonga kwa fimbo yake akidhani nimeunguza mchuzi. Kisha nikakasirika, na hasira inanifaa zaidi.

Radka Mincheva ni mbuzi mwenye diploma. Lakini mbuzi huyo alikosea kwa sababu alisikia harufu ya kweli na akamuuliza mtu wa uongo. Nesi wenu yeye hana hata udhuru huo. Mimi nilipita umri huo miaka sita iliyopita: nilitoka jasho, nikawatukana watu wasio na hatia, basi. Sikugeuka kuwa marehemu baba.

Sasa nisikilize. Wewe umeandika daftari tangu darasa la saba. Umeandika siku kuku alipotaga yai lisilo na ganda. Umeandika siku nilipoondoka kijijini na nguo nilizovaa tu. Fungua daftari la mwaka huu, uangalie ni kitu gani kiliingia nyumbani kabla sauti haijaanza kushuka. Chakula, sabuni, chochote.

Na unitumie jina la dawa ya huyo mfalme wa mabega. Si kwamba najua kitu. Ni kwamba simwamini mtu anayepiga mluzi.

Velika

* * *

Gorna Klena, 31 Mei

Dada,

Nimefanya ulivyosema. Nanakili kama nilivyoandika, bila kuongeza.

10 Februari. Tanyo karudi kutoka mjini na dawa ya mabega. Baridi nyuzi sita chini ya sifuri. Nimempaka na kumsugua.

3 Machi. Chunusi tatu mgongoni. Nimebadilisha sabuni.

11 Machi. Koo kavu mazoezini. Mwalimu kaniangalia.

22 Machi. Nimemrushia Tanyo kijiko. Sijui kwa nini. Kilikuwa kijiko kizuri.

28 Machi. Wimbo wa pili, pale juu kabisa, sauti imekatika. Fanka kanishikia.

5 Aprili. Unywele mmoja kidevuni. Nimeung'oa.

9 Aprili. Tatu.

Kabla ya tarehe 10 Februari hakuna kitu. Sabuni ni ileile, unga uleule, kisima kilekile.

Kuhusu jina la dawa: chupa yake ni ya kubonyeza, na lebo imekwanguliwa. Nilimuuliza, akasema rakia ndiyo iliyoyeyusha gundi. Dada, rakia haiachi mikwaruzo ya kisu. Boksi sikuliona, wala karatasi ya maelezo. Chini ya chupa kulibaki kipande cha lebo chenye herufi chache na namba. Nimekibandua kwa mvuke wa birika na kukiweka ndani ya bahasha hii. Usikitupe ukidhani ni takataka.

Bado nampaka kila asubuhi. Ningesema nini?

Nedka

* * *

Ferrara, 12 Juni

Nedka,

Usimguse tena. Soma sentensi hiyo mara mbili kabla ya kuendelea.

Nilipeleka kipande chako kwa mama wa duka la dawa hapa chini ya nyumba yetu. Aliitambua dawa kabla sijamaliza kusema habari za asubuhi. Akauliza, "Mgonjwa ni nani?" Nikasema shemeji yangu. "Nani anampaka?" Nikasema mke wake, kwa mikono, na baadaye anamsugua kwa rakia. Akavua miwani. Akaniuliza tena kama kweli nimesema rakia.

Hiyo si dawa ya mabega. Ni homoni ya kiume. Hupewa mwanamume ambaye damu yake imepungukiwa nayo. Hupakwa mabegani kwa sababu hapo ngozi huinywa vizuri, ndiyo maana yule mjanja hakuhitaji hata kutunga uongo mrefu. Anapaswa kujipaka mwenyewe, anawe mikono, akauke, avae shati. Mwanamke hatakiwi kuigusa kabisa. Wewe umeishika kwa viganja vitupu kila asubuhi tangu Februari, ukaisugua kwa pombe kali ili isipotee hata tone. Mama wa watu alisema katika miaka yake yote hajawahi kusikia kosa la namna hiyo. Nikamwambia kwetu hilo si kosa, ni malezi mazuri ya mke.

Chunusi zitaisha. Ndevu zitapungua, polepole. Kuhusu sauti alianza kufuta miwani yake. Nilimlazimisha. Akasema huenda ikabaki hapo ilipo. Nenda kwa daktari wa mjini wiki hii, upimwe damu, uende na daftari lako.

Na niseme jambo moja, nisije nikaonekana simwelewi. Upungufu wenyewe si aibu. Wanaume hapa wanachukua dawa hiyo huku wakizungumza habari za mpira. Nisingemcheka kwa hilo. Namdharau kwa kisu chake kwenye lebo.

Velika

* * *

Gorna Klena, 26 Juni

Shemeji Velika,

Nakusalimu, natumaini u mzima na yule bibi yako pia.

Sijazoea kuandika, utanisamehe. Nedka hasemi nami tangu aliporudi kutoka kwa daktari. Godoro langu amelihamishia kwenye jiko la kiangazi, huko nje. Chakula ananiwekea dirishani kama paka.

Mimi si mtu mbaya, shemeji. Daktari aliniambia kipimo kiko chini sana. Nilikuwa nachoka, nilikuwa nalala kwenye usukani. Ungefanya nini wewe? Nisimame klabuni niwatangazie? Pale mtu akiagiza maji ya limau badala ya bia anapewa jina la kike mwaka mzima. Nilipofika nyumbani Nedka akaona chupa, akauliza, "Ni ya mabega?" Nikasema ndiyo. Basi. Yeye ndiye aliyeanza kunisugua, mimi sikumwomba. Na nitakwambia ukweli, ilinipendeza. Alikuwa hajanigusa vile tangu mama afariki. Kila asubuhi nilikuwa najiambia kesho nitamwambia.

Karatasi ya maelezo niliisoma Machi, sikatai. Iliandikwa wanawake wasiguse, hasa wajawazito. Nedka ana miaka hamsini na mmoja. Nikaona hilo halituhusu. Nikaitia kwenye jiko la kuni.

Sasa ameniandikia kwenye karatasi, kwa sababu kusema hasemi, kwamba niende nyumba ya utamaduni siku ya mazoezi, niwaambie wanawake wote kwa mdomo wangu dawa ni ya nini na rakia ilikuwa ya nani. Shemeji, heri anipige. Wewe anakusikiliza. Mwambie tuseme ni ugonjwa wa koo. Watu watamwonea huruma, yataisha, na hakuna atakayedhurika.

Wako,
Tanyo

* * *

Ferrara, 6 Julai

Tanyo,

Nimesoma barua yako mara moja, na imetosha.

Hakuna atakayedhurika, unasema. Kijiji kizima kinajua mke wako ni mlevi, na aliyekijulisha ni wewe, kwa kuinamisha kichwa mbele ya mizani ya duka. Ulikuwa radhi yeye awe mlevi ili wewe ubaki na mabega mabovu. Ulisikia sauti yake ikishuka mezani kwako siku baada ya siku, ukiwa umeshasoma karatasi, na kila asubuhi ukavua shati na kumgeuzia mgongo akusugue. Unasema ilikupendeza. Naamini.

Klabuni wangekupa jina kwa mwaka mmoja. Nedka umempa sauti ya maisha.

Mazoezi ni Jumanne na Ijumaa, saa nne. Vaa shati la mikono mirefu.

Velika

* * *

Nyumba ya Utamaduni, Gorna Klena, 1 Agosti

Bi. Nedka,

Mumeo alikuja Jumanne. Ilikuwa mara yake ya tatu. Mara mbili za kwanza alifika mlangoni, akauliza kama tuna kuni za kutosha, akaondoka. Kuni, Julai! Safari hii nilifunga mlango nyuma yake. Alisimama na kofia mkononi akasema yaliyompasa kusema. Hayakuwa mengi. Fanka alicheka mpaka akaketi sakafuni, nikamtoa nje akacheke barabarani, ambako kwa vyovyote alikuwa anaelekea.

Mimi sikucheka. Nilikuandikia kwamba naijua sauti iliyochoka, iliyougua na iliyolewa. Yako sikuijua. Nililosema juu ya rakia nalifuta, na nimelifuta mbele ya wote, kwa sauti.

Sauti ya juu siwezi kukurudishia. Ningekuwa na uwezo huo ningeanza na yangu. Fanka ataanzisha, ingawa anaanzisha kama mtu anayeita teksi. Sauti ya chini ina watu watano na wanaimba kama ndama waliofungiwa. Vazi hujalirudisha, nimeona. Njoo nalo au baki nalo.

Radka Mincheva

* * *

Gorna Klena, 24 Agosti

Dada Velika,

Nimekaa wiki moja baada ya tamasha kabla ya kukuandikia, ili niandike kwa mpangilio.

Kwanza afya. Daktari amepima damu mara ya pili na imerudi kama inavyotakiwa. Chunusi zimekwisha. Kidevu nakishughulikia mara moja kwa wiki. Sauti iko palepale. Alisema tusubiri, lakini aliliambia dirisha, si mimi.

Pili, Tanyo. Anajipaka mwenyewe, ananawa, anavaa shati. Mashati yake siyashiki, kwa hiyo anayafua kwenye beseni lake na kuyaanika mwenyewe kwenye kamba ya mbele, kwa kuwa ya nyuma ni yangu. Kamba ya mbele inatazama barabara. Kila anayepita kwenda kisimani anasimama kumsalimia, "Mabega hayajambo, Tanyo?" Naye anajibu, "Hayajambo," kwa adabu, na pini za nguo mdomoni. Bado analala jiko la kiangazi. Oktoba kutakuwa na baridi, tutaona. Sijamfukuza. Kumfukuza kunataka hasira, na hasira ilipungua pamoja na ndevu. Kilichobaki ni kumtazama tu, na nimegundua hawezi kukivumilia hicho.

Tatu, tamasha. Nilikwenda, na nilivaa vazi. Nilisimama safu ya nyuma, na wale watano. Watu wa redio waliweka kipaza sauti mbele ya Fanka. Alianza wimbo wa kwanza vizuri kiasi. Wa pili, pale juu kabisa, aliuparamia kama mtu anayepanda uzio, na mimi nilijua hasa mahali anapokosea, nikaufungua mdomo wangu kumwonyesha, na ikatoka ile ya chini. Nikaishikilia hiyohiyo. Ndama wakanifuata.

Tulipomaliza, bwana mmoja wa redio akamwuliza Mwalimu Radka, "Mama, hapo nyuma mmeweka mwanamume?"

Mwalimu akasema, "Hapana. Wanaume wetu ni wale kule kwenye bia. Huyu ni Nedka."

Tanyo alikuwa hatua tatu kutoka pale, akila mbegu za alizeti. Alisikia. Aliacha kutafuna.

Daftarini nimeandika: "16 Agosti. Jua. Nimeimba chini." Nilitafuta la kuongeza, sikuliona. Zile nyimbo tatu zikipigwa redioni zitakuwa na sauti ya Fanka juu, na itabaki hivyo hata sisi sote tukishakufa. Hilo silisamehe, Dada, na sitaki mtu aniambie nilisamehe.

Hii ni barua yangu ya mwisho mwaka huu, vidole vimechoka. Jumapili tarehe 7 Septemba, saa nne asubuhi, nitakupigia. Utasikia mwanamume akisema "Dada". Usikate.

Nedka